Amiri wa Safari ya Majani

Alichaguliwa mara moja tu, tena kwa mzaha, na hakuachia. Majirani wa mtaa wetu wa Hail, hapa Maskati, tulikuwa tumekusanyika kupanga safari ya mlima wa Jebel Akhdhar, kwenda kuona majani yakigeuka rangi, na wanaume walikuwa wakibishana saa ya kuondoka. Marehemu baba yangu akasema kwamba watu wakifika watatu hawasafiri bila amiri, yaani kiongozi, kisha akamwelekezea kidole mama jirani wa nyumba ya pembeni, muuguzi, aliyekuwa akimenya vitunguu bila kutia neno. "Basi na awe huyu. Kazoea kuamrisha wagonjwa, sisi atatuweza."

Watu wakacheka. Yeye akafuta mikono, akauliza, "Amiri hupingwa?"

"Hapingwi mpaka safari iishe," akasema baba.

"Vizuri. Tunaondoka baada ya sala ya alfajiri. Atakayechelewa atayaona majani kwenye simu."

Tangu siku hiyo jina lake likasahaulika mtaani. Hata mwenye duka alimwita Amiri. Mimi ni fundi wa giaboksi, nina karakana mtaa wa Ghala. Shule niliiacha mapema na mengine nimejisomea kwa mpango, somo baada ya somo. Nitamwelezea kwa namna hiyo hiyo, kwa tabia zake na si kwa miaka yake. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, wapo wanaoyajua vizuri kuliko mimi.

Nianze na majani yenyewe, maana asiyeishi Maskati anaweza kuona ni jambo dogo. Huku chini miti haina habari ya miezi. Mitende na miarobaini ni ya kijani mwaka mzima, au ya kijivu kwa vumbi, na mtoto akiona jani la manjano anajua bomba la kumwagilia limeziba. Mlimani ni kwingine. Makomamanga yakishachumwa na baridi ikiingia, mikomamanga hugeuka manjano, ngazi moja ya mashamba baada ya nyingine, mpaka bonde zima linakuwa kama limewashwa taa kwa ndani. Miti ya jozi huja nyuma yake. Kisha majani hudondoka kwenye falaji, ule mfereji wa maji, yakaelea taratibu kutoka shamba la mtu hadi shamba la jirani yake. Haidumu. Ukikosa wiki zake, subiri mwaka.

Nilisoma kwenye kitabu cha mtumba sababu ya rangi ile: jani halipakwi manjano, bali ukijani ndio unaoondoka, na manjano yaliyokuwemo tokea mwanzo yanaonekana. Nikamweleza Amiri, nikidhani atafurahi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo yalikuwemo siku zote?"

"Siku zote."

"Kama hasira za watu," akasema, akaendelea kukaza vifuniko vya chupa za chai.

Kanuni yake kubwa ilikuwa kwamba, dereva kando, hakuna mtu anayepanda mlima ndani ya gari la nyumbani kwake. Kutoka Maskati kila familia ilikwenda pamoja mpaka kituo cha mafuta cha Birkat al-Mauz, chini ya mlima, kabla ya kizuizi ambapo polisi huhakikisha kwamba gari linavuta kwa magurudumu yote manne. Hapo wote tulishuka. Yeye alisimama na buibui lake likipepea, akawagawa watu upya: mume huku, mke kule, mtoto wa huyu kwa yule. Na waliogombana mwaka ule, kama alikuwa na habari zao, na habari zote alikuwa nazo, aliwaweka kiti kimoja cha nyuma.

"Njia ya mlima haina pa kushukia," alikuwa akisema. Ni kweli. Ukishapita kizuizi unapanda kwa gia ndogo, kona juu ya kona, ukuta wa jiwe upande mmoja na hewa tupu upande wa pili. Mtu aliyenuna hawezi kufungua mlango akenda zake.

Ujuzi huo aliutoa wodini. Kabla ya kustaafu alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wanawake, na aliamini kwamba nusu ya dawa ni kitanda cha jirani. "Anayelia mweke karibu na anayependa kusikiliza. Wanaonyamaza wawili usiwaweke pamoja, mmoja atazidiwa, na mwenziwe hatasema."

Mtu mmoja tu hakuwahi kumpangia gari: mdogo wake wa kike, anayekaa Qurayyat. Walikuwa hawasemezani. Sote tulijua, na kila mwaka palepale kituoni, tukiwatazama maadui wa mwaka ule wakijikunja kuingia kiti kimoja, tulijiuliza kimoyomoyo nani atampangia yeye. Nitalirudia.

Mimi mwenyewe nilipangiwa gari moja na shemeji yangu, mume wa dada yangu. Tulikuwa tumekosana kwa sababu giaboksi ya gari lake ilipoharibika aliipeleka karakana nyingine, mlango wa tatu kutoka kwangu, na mafundi wa mtaa mzima wakaiona ikishushwa pale. Kwa mtu wa kazi yangu hayo si mambo ya kumeza. Amiri akaniweka mbele kwenye gari la jirani, kando ya shemeji, na yeye ndiye anayeendesha. Kwenye kona ya kwanza kali nikasikia injini inavyolalamika.

"Punguza gia," nikasema.

"Hayo ulijifunza kwako au kwa yule mwingine?"

"Yule mwingine angekwambia upunguze gia, kisha akuuzie mpya."

Akaanza kucheka akiwa hataki kucheka, mabega yakimtetemeka. Tulipofika juu alinikiria kwamba ile giaboksi iliharibika tena na alikuwa akiona haya kuja kwangu. Iko Ghala mpaka leo, nimeifungua, nafundishia vijana.

Mwaka mwingine Amiri alimleta muuguzi Mkenya aliyewahi kufanya kazi chini yake, mwanamke mchangamfu wa Nakuru, akamweka na baba yangu, ambaye alikuwa mgumu kwa wageni na kwa Kiswahili chao.

"Hicho Kiswahili cha wapi?" baba alimwuliza kabla hata mlango haujafungwa.

"Cha Nakuru, mzee. Na chako?"

"Cha Unguja. Ndiko kilikozaliwa."

"Na wewe mara ya mwisho kwenda kukiona huko ni lini?"

Baba hakuwa ameenda tangu ujana wake. Jirani aliyekuwa akiendesha alisema kona tatu baadaye mzee akauliza kama huko Nakuru kuna baridi kama hii. Walipofika juu alikuwa akimmenyea komamanga. Kila mwaka baadaye swali lake la kwanza lilikuwa, "Nakuru anakuja?"

Asidhani mtu kwamba alikuwa mpole. Alikuwa mkali, na kwa mambo madogo zaidi kuliko makubwa. Hakuruhusu mtu kula peke yake: sinia ni ya watu watano, na aliyetoa kababu kwenye kibweta chake kimyakimya aliitwa kwa jina mbele ya watu. Hakupenda mazungumzo ya Georgia na Uturuki, ambako siku hizi familia nyingi za Maskati huruka wakati huu wa mwaka kwenda kuona misitu mikubwa yenye majani mekundu. Binti yangu aliwahi kumwonyesha picha za safari yetu ya huko. "Tazama, bibi, nyekundu mpaka kwenye upeo!"

"Mazuri. Na hapo ulikaa na nani?"

"Na hawa hawa, baba na mama."

"Basi mngekaa nyumbani mkapaka ukuta rangi."

Aliwahimiza watu wawahi, na yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka, kwa sababu alizunguka kwanza nyumba za wenzake kuhakikisha jiko la gesi limezimwa. Aliongoza safari ya mlimani miaka yote hiyo, na aliogopa urefu wa kwenda juu kuliko mtoto mdogo. Kwenye kona alifumba macho, akasoma aya kwa sauti ya chini, na mkono wake ukashika chochote kilicho karibu: mkanda, kiti, paja la mtu. Niliwahi kuwa mimi huyo wa karibu. Alama za kucha zilibaki mpaka tuliporudi Hail.

Na tulipofika juu, mikeka ikatandikwa ukingoni mwa mashamba, kila mtu aligeukia bonde. Yeye alikaa akilipa bonde mgongo. Kila mwaka. Wote tumeelekea manjano yale, na yeye peke yake ameelekea kwetu, sinia mbele yake, macho yakitembea kutoka uso mmoja hadi mwingine. Vijana walisema ni woga wa lile korongo. Niliwahi kumwambia, "Amiri, geuka basi, jua linakwenda."

"Nyie tazameni. Mimi nna kazi."

Sasa habari ya mdogo wake.

Mama yao alipofariki, Amiri alikuwa zamu wodini na hakupata mtu wa kumpokea mpaka asubuhi. Alipofika Qurayyat, maiti ilikuwa imeshaoshwa na sanduku la kanga za mama lilikuwa tupu. Mdogo wake alikuwa ameshazigawa zote kwa waliomwosha, kama ilivyo ada kwao, bila kusubiri. Amiri alifunika sanduku. Alikaa siku zote za msiba, akapika, akapokea wageni, akaondoka, na hakumsemesha tena. Haikuwa siri. Alilieleza mwenyewe, bila kupandisha sauti, mtu akiuliza: "Kitambaa cha kujifutia machozi hakuniwekea." Mara moja baba yangu alithubutu kumwambia kwamba anayepatanisha watu apatane na wake. Akajibu, "Nitafutie amiri wangu basi." Na amiri mwingine hapakuwa.

Miaka ikaenda. Baba akafariki. Magoti ya Amiri yakachakaa, akafanyiwa upasuaji wa moja, na daktari akamwambia kwamba mlima anaweza kuupanda mwaka huu, mwakani asiahidi. Nilikwenda kumwona nyumbani kwake. Alikuwa kitandani, mguu juu ya mto, akimwamrisha mkwewe namna ya kukunja nguo.

"Kaa hapo," akaniambia. "Mwaka huu amiri wewe."

"Mimi?"

"Wewe unapanga spana kwa ukubwa. Watu ni vilevile, ila wanajibu."

Nikamwuliza alichouliza yeye siku ile ya vitunguu. "Amiri hupingwa?"

"Hapingwi mpaka safari iishe."

"Hata na wewe?"

Alinitazama. Nadhani alijua ninamfikiria nani. "Hata na mimi," akasema. "Hebu nipe maji."

Nilikwenda Qurayyat wiki iliyofuata. Mdogo wake nilimkuta uani, anapepeta mchele, mwanamke mwembamba mwenye kidevu kile kile. Nilimwambia nimekuja kumwalika safari ya majani.

"Yeye anajua?"

"Hajui, mama."

"Basi akiniona atashuka."

"Njia ya mlima haina pa kushukia."

Ungo ukasimama. "Hayo maneno yake."

"Yake."

"Alikuwa akisema hivyo hivyo tukipandishwa ngazi za msikiti wa zamani, tulipokuwa wadogo. Anaogopa yeye, ananitia nguvu mimi." Akarudi kupepeta. Nilidhani nimekataliwa. Nilipofika mlangoni akaniita. "Baba! Huko juu, kunataka sweta?"

Nilimwambia kunataka.

Siku ya safari Amiri alikaa gari langu kutoka Hail, kiti cha nyuma, mguu umenyooshwa. Kituoni Birkat al-Mauz alitaka kushuka kwa mazoea, nikamwomba abaki kwa ajili ya goti. Niligawa watu kama nilivyojifunza. Gari la Qurayyat lilikuwa limefika, limeegeshwa kando ya pampu ya hewa. Watu walikuwa wakicheka na kubebana vikapu. Nilipomfungulia mlango mdogo wake na kumwonyesha kiti cha nyuma cha gari langu, kicheko kikakatika, hata watoto wakageuka.

Akaingia. Akaweka mkoba wake katikati, kama ukuta.

Kwenye kioo nikayaona macho ya Amiri. "Nani kapanga?"

"Amiri."

"Amiri gani?"

"Uliyemteua."

Nilisubiri nikiwa nimeshika usukani. Ilikuwa bado barabara tambarare, bado angeweza kufungua mlango, na mimi nisingemzuia. Aliutazama mlango. Kisha akavuta mkanda, akaufunga, klak, akageukia dirisha lake.

Tukapita kizuizi. Mke wangu, niliyemwacha mbele kinyume na kanuni nisiwe peke yangu, hakuvumilia ukimya ule, akaanza kusoma vibao vya barabarani kwa sauti: "Punguza mwendo. Tumia gia ndogo. Kona kali." Gari likaanza kuinuka na ukuta wa mwamba ukaja karibu. Kwenye kona ya kwanza nikasikia Amiri ameanza kusoma aya, chini kwa chini. Kwenye kona ya pili nikatazama kioo. Macho ameyafumba, na mkono wake umepita juu ya mkoba, umeshika alichokikuta, na alichokikuta ni kifundo cha mkono wa mdogo wake.

Mdogo wake hakuutoa. "Bado tu unaogopa?"

"Nyamaza, nnasoma."

Akamaliza aya. Hakuachia. Nikaona vidole vyake, vidole vya muuguzi, vikibonyeza pale alipokuwa amekamata.

"Mkono huu umevimba."

"Ndivyo ulivyo siku hizi."

"Presha unapima?"

"Nnapima."

"Dawa unameza?"

"Nnameza nikikumbuka."

"Basi humezi."

Mke wangu akaacha kusoma vibao. Kona nyingine ikapita, halafu mdogo wake akasema, akitazama mbele, "Zile kanga niliwapa waliomwosha."

"Najua uliowapa."

"Ndiyo ada."

"Ada naijua. Mimi mtoto wa nani? Moja. Ungeniwekea moja."

"Ningeweka."

"Mbona hukuweka?"

Sikuthubutu kutazama kioo. "Sikukufikiria, dada," akasema. "Nilijifikiria mimi tu, niliyekuwa peke yangu naye usiku kucha. Hata yangu sikubakisha."

Injini ilikuwa ikivuta kwa nguvu na nilikuwa nimesahau mguu wangu kwenye kanyagio.

"We!" Amiri akaniita. "Unaendesha au unasikiliza maneno ya watu? Punguza gia!"

Nikapunguza gia.

Juu, upepo ulikuwa baridi na mikomamanga ilikuwa katika wiki yake bora. Tulitandika mikeka. Niliwaona wakija polepole, mmoja na fimbo, mwingine amemshika kiwiko, sweta jipya la bluu likiwa juu ya mabega ya yule wa fimbo. Nilijua Amiri atakaa wapi na nilikuwa nimemwachia mahali pake, pale pa kulipa bonde mgongo, kutuelekea sisi. Akafika, akapatazama, akaashiria kwa fimbo upande mwingine.

"Niwekeni huku."

"Huku si utaona korongo, Amiri?"

"Amiri wewe. Mimi leo sina kazi."

Akakaa ameelekea bonde, mdogo wake kando. Alitazama muda mrefu sana. Jua lilikuwa likipita ndani ya majani, ngazi kwa ngazi, mpaka chini kabisa kwenye nyumba za mawe zisizokaliwa. Mkono wake ulikuwa umeshika ule wa mwenziwe, kwa woga au kwa jingine, sikuuliza.

"Kumbe ndivyo yalivyo," akasema. "Nyie, kumbe mnayaona hivi kila mwaka?"

Mdogo wake akacheka, na mtaa mzima wa Hail ukacheka. Akaniagiza chai, nikampelekea, na kisha nikaketi kwenye ile nafasi tupu aliyoiacha, mgongo kwa bonde, sinia mbele yangu. Shemeji yangu alikuwa akisogeza kababu kwa siri upande wake. Binti yangu alikuwa amekaa mbali na binamu yake zaidi ya kawaida, na wote wawili wamekunja mikono. Hilo nikaliweka akilini kwa safari ya kurudi.

Mwaka ule majani, watu wanasema, yalikuwa mazuri kuliko miaka yote. Mimi sikuyaona.